Nyuki walipata sifa, mbung'o alimaliza kazi: wadudu walioendesha vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki

Hii ya nyuki huenda umeshaisikia. Novemba 1914, miezi mitatu tu tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vianze, Waingereza walileta jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India wakalishusha Tanga. Waliowapokea, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Nane kwa moja. Kwa hesabu ya kawaida mechi ilikuwa imeisha kabla filimbi haijapulizwa. Lakini tarehe 5 Novemba ni wale 8,000 waliokuwa wanarudi melini, tena wameacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na risasi laki kadhaa.

Na katikati ya mapigano, nyuki. Kwenye miti nje ya mji ilikuwa imetundikwa mizinga, risasi zikaipiga, na waliomo ndani wakatoka kuuliza kulikoni. Askari waliokuwa wanastahimili risasi walitupa silaha wakakimbia. Baadaye zikaenea hadithi kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki kwa makusudi, na hadi leo vita vya Tanga vinaitwa vita vya nyuki.

Hadithi tamu. Ila leo tunataka kukuonyesha kwamba nyuki wa Tanga walikuwa utangulizi tu. Mdudu mwingine, mkimya zaidi, ndiye aliyeamua vita hivi vipiganwe namna gani na nani afe kwa wingi. Na ukienda Kariakoo kesho kununua viatu, jina la mahali ulipo ni sehemu ya kazi ya mdudu huyo.

Twende taratibu.

Nyuki walifanya nini hasa?

Nyuki wa kwetu na nyuki wa Ulaya ni spishi moja, *Apis mellifera*. Tofauti kubwa iko kwenye hasira. Ukiugusa mzinga wa huku, wanaotoka kukushambulia ni wengi zaidi, wanatoka haraka zaidi, na wanakufukuza mbali zaidi.

Kinachowakusanya ni harufu. Nyuki akichoma, mwiba wake wenye vikulabu unabaki kwenye ngozi yako pamoja na kifuko cha sumu. Pale pale inatoka kemikali ya kutoa tahadhari, na sehemu kubwa ya kemikali hiyo ni kitu kinachoitwa isopentili asetati. Ni kemikali ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, ndiyo maana wafugaji hushauriana wasile ndizi karibu na mzinga. Kwa nyuki, harufu hiyo ina ujumbe mmoja: adui yuko hapa, piga hapa. Kila anayechoma anawaitia wenzake, na wanaokuja wanaongeza harufu. Kukimbia kunasaidia. Kupunga mikono hakusaidii. Sasa mfikirie askari aliyelala kifudifudi chini ya risasi, hawezi kuinuka wala kukimbia, na harufu inazidi kukolea.

Lakini harufu hiyo haijui bendera. Nyuki waliwachoma watu wa pande zote mbili. Lettow-Vorbeck mwenyewe alikuja kuandika kwamba baadhi ya bunduki zake za rashasha zilinyamaza kwa sababu wapigaji walikuwa wanahangaika na nyuki. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini Waingereza walishindwa Tanga, nyuki wanakuwa mwisho wa orodha. Juu ya orodha kuna askari waliochoka na safari ndefu ya bahari, jenerali Arthur Aitken ambaye hakutuma watu wa kutosha kupeleleza, na manowari iliyoingia kwanza bandarini kudai mji usalimu amri, ikampa adui muda wa kujiandaa. Tena reli kutoka Moshi ilikuwa tayari, na Lettow-Vorbeck aliutumia muda huo kushusha askari kwa treni.

Nyuki wanakumbukwa kwa sababu wanachekesha. Huyu anayefuata hachekeshi.

Mbung'o anaingia vitani

Mapema mwaka 1916 Waingereza walibadilisha mbinu. Jan Smuts alikuja kutoka Afrika Kusini kuongoza kampeni, akaja na maelfu ya askari, wengi wao wa farasi. Wazo lake lilikuwa na mantiki kabisa kwa mtu aliyepigana kwenye mbuga za Afrika Kusini: watembea kwa miguu wambane adui kwa mbele, wapanda farasi wazunguke wamkate kwa nyuma. Kasi ndiyo silaha.

Tatizo ni ramani ambayo hakuna jeshi lililoibeba: ramani ya mbung'o, au ndorobo kama wengine mnavyomwita.

Mbung'o ni nzi wa porini anayekula damu tu, dume na jike. Anapenda kivuli cha vichaka na maji yasiwe mbali. Kuanzia bonde la Pangani hadi Rufiji na kwenda kusini, njia ambazo jeshi lililazimika kupita zilikatiza katikati ya makao yake. Na mbung'o hubeba kimelea kiitwacho tripanosoma, chembe moja hai yenye umbo la nyuzi inayoogelea kwenye damu. Kwa watu, aina zake fulani huleta malale. Kwa farasi, nyumbu wa kubeba mizigo, ng'ombe na punda huleta nagana. Mnyama anapata homa, anakonda, damu inapungua, miguu inaisha nguvu. Farasi hana muda mrefu. Baada ya wiki chache amekwisha.

Hivi kwa nini farasi afe wakati nyati na pofu wanaishi na mbung'o hao hao miaka yote? Kwa sababu wameishi pamoja maelfu ya vizazi. Wanyama pori wengi hubeba tripanosoma bila kuugua sana. Wao ndio ghala, mbung'o ndiye msafirishaji, na farasi aliyeshuka melini juzi ni mgeni asiye na kinga yoyote.

Halafu kimelea chenyewe ni mjanja ajabu. Vimelea vingi hujificha ndani ya seli ili kinga ya mwili isivione. Tripanosoma hajifichi, anaelea wazi kwenye damu. Anachofanya ni kubadilisha nguo. Mwili wake umefunikwa koti la protini, na kinga ya mwili inajifunza kulitambua koti hilo na kuua karibu vimelea vyote vilivyolivaa. Ila wachache tayari wameshabadilisha. Wamevaa koti jipya, na kabati lao lina mamia ya makoti. Kinga inaanza upya, na kila mzunguko mnyama anazidi kuchoka. Hii ndiyo sababu mpaka leo unaposoma hapa hakuna chanjo ya nagana wala ya malale.

Matokeo yalikuwa mabaya. Mwaka 1916 farasi, nyumbu, ng'ombe na punda walikufa kwa maelfu kwa maelfu. Meli zilileta wengine nao wakafa. Kikosi kikitoka na farasi, kilifika kwa miguu. Ile mbinu ya kuzunguka na kukata njia ikabaki kwenye karatasi, na Lettow-Vorbeck kila mara akapata mlango wa kutokea.

Lakini kufa kwa farasi wa kupigania lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa kufa kwa wanyama wa kubeba.

Hesabu ya mpagazi

Jeshi linakula kila siku. Linataka risasi, dawa, maji, mahema. Huko Ulaya vitu hivyo vilikwenda kwa reli, kisha kwa mikokoteni ya farasi. Huku reli ya kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma ilikuwepo, lakini Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walivunja madaraja yake. Magari yalikuwepo, lakini masika yakianza udongo mweusi unayameza hadi ekseli. Ng'ombe wa mkokoteni wameuawa na mbung'o. Kimebaki nini?

Kimebaki kichwa cha mtu.

Sasa chukua karatasi, tufanye hesabu ndogo pamoja. Ni mfano wetu tu wa kurahisisha, lakini utakuonyesha mtego ulipo. Tuseme mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga, na anakula kilo 1 kwa siku. Chakula chake anakitoa kwenye mzigo huo huo, kwa sababu njiani hakuna duka.

Kama mstari wa mbele uko mwendo wa siku 5, kwenda na kurudi ni siku 10. Amekula kilo 10, amefikisha 15. Sio mbaya.

Kama ni siku 10, kwenda na kurudi ni 20. Amekula kilo 20, amefikisha 5.

Kama ni siku 12 na nusu, amekula kilo zote 25. Ametembea karibu mwezi mzima na hajafikisha hata kijiko.

Twende mbele kidogo. Kuna askari 1,000 wanaohitaji kilo 1,000 za chakula kila siku. Kwa umbali wa siku 5 lazima wafike wapagazi 67 kila siku, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 10, unahitaji watu kama 670 barabarani muda wote. Kwa umbali wa siku 10 lazima wafike 200 kila siku, na kila mmoja yuko njiani siku 20: watu 4,000. Umeona? Umbali umeongezeka mara mbili, wapagazi wameongezeka mara sita. Ukisogea hadi siku 11 tu, wanakuwa zaidi ya 7,000. Na hapo hatujagusa risasi, wala mgonjwa wa kubebwa kwenye machela na watu wanne.

Ng'ombe wa mkokoteni hana tatizo hili, kwa sababu anakula majani ya kando ya njia. Mkokoteni mmoja unabeba tani nzima na zaidi, sawa na watu 40, na injini yake inajilisha yenyewe. Mbung'o alipomwondoa ng'ombe hakuondoa nguvu tu. Aliweka mahali pake mbebaji anayekula mzigo anaoubeba.

Kwa vitendo walipunguza ukali wa hesabu hii. Waliweka maghala njiani, walitumia magari pale yalipopita, walichukua chakula vijijini. Hata hivyo ukweli wa msingi haukuondoka. Na ofisa wa ugavi akikaa na karatasi yake usiku, akaona namba hazikutani, kuna sehemu moja tu ambayo ni rahisi kukata. Posho ya askari akiipunguza, kesho hapigani. Posho ya mpagazi akiipunguza, mzigo unaofika unaongezeka. Kwa muda.

Walikufa na nini?

Kadiri jeshi lilivyosonga kusini ndivyo lilivyohitaji watu. Kwa jumla, upande wa Uingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka makoloni yake na maeneo ya jirani: Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe, Malawi, Zambia na kwingineko. Mwanzoni baadhi waliitikia kwa mshahara. Baadaye, hasa mwaka 1917, walikamatwa kupitia machifu na maofisa wa wilaya. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, maelfu kwa maelfu, na wao kumbukumbu zao ni chache zaidi.

Watu hawa hawakufa sana kwa risasi. Wauaji wakubwa walikuwa kuhara damu, malaria na kichomi, na kila mmoja wa hao ana sababu yake ya kisayansi.

Tuanze na kuhara. Posho kuu ilikuwa unga wa mahindi. Leo tunaona ugali ni chakula cha kila mtu, lakini mwaka 1916 wengi wa wapagazi walitoka kwenye mtama, ulezi, ndizi au mihogo. Unga wenyewe ulisagwa vibaya, una chenga. Na unajua mwenyewe ugali unataka nini: maji yachemke sawasawa, moto wa kutosha, na muda. Mtu aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani, mvua inanyesha, kuni mbichi, giza limeingia, hana sufuria ya kwake, atakula uji mbichi nusu. Chenga zisizoiva zinakwaruza utumbo. Ongeza maji ya dimbwi walilopita watu elfu moja kabla yako, na choo hakuna. Bakteria na amiba wa kuhara damu hawahitaji mwaliko zaidi ya huo.

Malaria ina funzo lake. Kulikuwa na imani kwamba Mwafrika ni Mwafrika, atastahimili. Sio kweli. Kinga ya malaria, ile ambayo si kamili, inajengwa kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi tangu utotoni, na ukikaa mbali nao inapungua. Kijana wa nyanda za juu za Kenya, kwenye baridi, alishuka Rufiji akiwa mgeni kwa malaria karibu sawa na kijana wa Johannesburg. Na huyo wa nyanda za juu hakuwa na chandarua wala dozi ya kwinini ya uhakika.

Wageni nao walianguka. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 kikiwa na watu zaidi ya 1,100. Kufika Oktoba waliobaki wazima hawakufika 120, na wengi hawakuangushwa na adui bali na maradhi. Mwisho wa mwaka huo askari wengi wazungu wa Afrika Kusini walirudishwa kwao, nafasi zao zikachukuliwa na Waafrika wa King's African Rifles na vikosi kutoka Afrika Magharibi. Smuts mwenyewe aliondoka Januari 1917 akiamini vita vimekwisha. Vilikuwa vimebakiza karibu miaka miwili.

Upande wa pili walijiokoa kwa sayansi, na hili wengi hawalijui. Amani, kule milima ya Usambara, Wajerumani walikuwa na taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo tangu 1902. Walipanda hapo mti wa sinkona, asili yake milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambao gome lake ndilo linalotoa kwinini. Manowari za Uingereza zilipofunga bahari na dawa kutoka Ulaya ikakatika, Amani ilitengeneza vidonge vya kwinini hapo hapo. Usambara ilipotekwa mwaka 1916, askari wa Lettow-Vorbeck walibeba magome wakawa wanayachemsha porini na kunywa maji yake. Yalikuwa machungu kupita kiasi, wakayapa jina la utani: pombe ya Lettow.

Na kulikuwa na funza, wale wanaoingia kwenye vidole vya miguu. Usidhani ni wenyeji. Wametoka Amerika Kusini. Walifika pwani ya Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na ndani ya miaka kama 25 wakavuka bara zima hadi pwani yetu, wakifuata njia za misafara. Vita vilipoanza walikuwa wageni wa juzi tu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutembea bila viatu, kidole kilichooza kwa funza si jambo dogo.

Kutoka "Carrier Corps" hadi Kariakoo

Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Sema haraka haraka, kwa ulimi wa Kiswahili, utapata Kariakoo. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na kambi ya wapagazi ikawekwa mahali ambapo leo kuna soko. Nairobi nako jina lilibaki, huko wanaandika Kariokor.

Kwa hiyo mnyororo wenyewe ndio huu: vichaka vinampa mbung'o makao, mbung'o anaua ng'ombe na nyumbu, mizigo inahamia kichwani mwa watu, umbali unadai watu wengi zaidi, watu wengi zaidi wanalishwa kidogo na vibaya, wanaugua, wanakufa, wanakamatwa wengine. Mwisho linabaki jina la soko.

Ila tusimpe mbung'o lawama zote. Mbung'o aliua farasi. Hakuna mbung'o aliyeamua kwamba mpagazi alale bila blanketi, au apewe unga bila sufuria. Hayo yaliamuliwa na watu, wakiwa na hesabu mbele yao.

Na idadi? Makadirio yanayotumika sana ni wapagazi kama 95,000 waliokufa upande wa Uingereza peke yake, kati yao takribani 45,000 kutoka Kenya, na wapo wanahistoria wanaoona hata hiyo ni ndogo. Wanajeshi waliokufa upande huo huo, wa risasi na wa maradhi pamoja, walikuwa kama 11,000. Weka namba hizo mbili pembeni kwa pembeni. Na hapo hatujawahesabu wa vijijini. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kulima, ukame ukaja juu yake, na Ugogo ikaingia kwenye njaa ya Mtunya ya 1917–1920 ambayo wazee wa Dodoma waliendelea kuisimulia.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Baadaye zikajengwa sanamu. Ile ya Askari katikati ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, unaijua: askari mmoja, bunduki mkononi, singe inaelekea bandarini. Hajabeba unga. Nairobi angalau mpagazi amewekwa pembeni ya wapiganaji.

Makaburi yana hadithi nyingine. Askari wa Kizungu aliyekufa kwa kawaida alipata jiwe lenye jina, au jina lake kwenye ukuta wa kumbukumbu. Wapagazi wengi hawakupata jiwe wala jina kwenye ukuta wowote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti ilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye. Hakuna mjane aliyekuwa hai kuisoma.

Mbung'o yuko wapi leo?

Bado yupo. Nagana bado inaua ng'ombe, na malale bado yanatokea, ingawa wagonjwa ni wachache sana kuliko zamani. Lakini kuna mahali ameshindwa kabisa, na ushindi huo ulitoka Tanga, mji ule ule wa nyuki.

Siri iko kwenye uzazi wake. Nzi wa kawaida anataga mayai mamia. Mbung'o jike anabeba mtoto mmoja tu tumboni, anamlisha kitu kama maziwa, anamzaa baada ya siku tisa au kumi hivi, kisha anaanza mwingine. Tena mara nyingi anapandwa mara moja tu maishani. Sasa jiulize: huyo dume mmoja akiwa tasa?

Ndicho kilichofanyika Unguja. Kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o Tanga walifugwa mbung'o kwa mamilioni, madume yakapigwa mionzi hadi yakawa tasa lakini bado yana nguvu ya kuruka na kutafuta majike. Kati ya 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 yalimwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa. Jike akikutana na dume tasa, hana mtoto tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa haina mbung'o.

Kisiwa kilisaidia, maana wengine hawawezi kuruka kutoka bara. Bara ni kugumu zaidi, vichaka vinaungana nchi hadi nchi. Lakini wazo ni lile lile ambalo majeshi ya 1916 hayakuwa nalo: ukitaka kupita kwenye nchi ya mdudu, jifunze kwanza anaishi vipi.

Basi ukipita Kariakoo, katikati ya kelele za wauza simu na wabeba mizigo, watazame hao wabeba mizigo kidogo. Mzigo kichwani, jasho linatiririka, "pisha, pisha!" Wanafanya kazi iliyolipa soko jina. Hawa angalau jioni wanarudi nyumbani.